Bangili ya Nyumba Kubwa

Tarehe 3 Februari

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Kabla hujauliza: nakula, nalala, na kile kikohozi kimeniachia. Wewe je, goti linasemaje? Na macho umeyapeleka kwa daktari, au bado unamkwepa kama mtoto anayeogopa sindano?

Ulitaka nikueleze kazi yangu mpya kwa maneno ambayo utaweza kuwatambia majirani. Nimepewa chumba nyuma ya maktaba ya kisiwa, chenye meza ndefu, mizani, kamera na miswaki kadhaa isiyosugua meno ya mtu. Watu wanaleta vitu walivyookota shambani, ufukweni, au wakichimba msingi. Mimi naandika ni kitu gani, kimetoka wapi, kilikuwa cha kazi gani na kina umri gani. Kisha mwenyewe anakichukua, au akipenda anatuachia tukitunze. Basi.

Lakini vituko, Shangazi! Mzee mmoja ameniletea jino la joka. Nikamwambia, "Mzee wangu, hili ni la ng'ombe." Akasema, "Basi ng'ombe huyo alikuwa joka," akaondoka nalo amenuna. Mama mwingine kaleta kigae cha sahani, nikamwambia kimekaa ardhini tangu kabla babu wa babu yake hajazaliwa, akaketi palepale sakafuni. 

Sasa sikia hili, na ukae vizuri. Jana kaja fundi bomba, mtu mrefu anayeinama hata pasipo na mlango. Anachimba shimo la choo nyuma ya ile nyumba ya ghorofa iliyo karibu na kisima cha duara. Ndiyo! Ile ile! Nyumba Kubwa ya bibi yako, ambayo umenisimulia tangu sijajua kufunga vifungo vya sketi! Sasa ina wapangaji, lakini ngazi za mawe zipo na ukuta haujatingishika.

Fundi akatoa kitambaa mfukoni, akakifungua mezani. Ndani mna duara la chuma, limejaa kutu. "Dada, hii si ya bomba," akaniambia. "Mabomba nayajua."

Nilipolisugua kidogo moyo uliruka. Ni kama bangili yetu ya maharusi! Ukubwa ule ule, unene ule ule, hata vile vivimbe viwili kwenye ungio. Tofauti ni moja tu: hii ya chuma, yetu ya fedha. Nimeandika: "Bangili ya mwanamke, ya chuma." Nadhani ilikuwa ya mtumishi aliyetamani kufanana na wenye nyumba. Nimekuchorea hapo chini uone.

Nisalimie bibi harusi wetu mtarajiwa.

Ni mimi,
Mwanao

*

Tarehe 19 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Goti ni lile lile. Daktari wa macho nilikwenda, akaniambia ni uzee, nikamjibu na yeye uko njiani unamfuata. Mengine hayajambo.

Barua yako nimeisomea nyumba nzima, kisha nikavuka barabara nikamsomea na jirani ambaye hakuomba. Unaona sasa? Miaka yote mlikuwa mnanicheka, "Shangazi na Nyumba Kubwa yake." Haya, nyumba ipo! Ina ngazi za mawe! Hata watumishi wetu walikuwa wakiiga mapambo yetu.

Bibi yangu alipovuka kuja huku bara alikuwa msichana hajafika kuolewa. Hakuja na ndugu wala na sanduku, ila bangili hiyo aliyoifungia kwenye pindo la nguo. Ukimwuliza kwao alisema, "Nimetoka nyumba kubwa karibu na kisima cha duara," akanyamaza. Hakupenda maswali. Watu wa heshima ndivyo walivyo, hawajielezi. Mama yangu alipoolewa akaipeleka kwa sonara, ikarudi inang'aa kama mwezi. Nikaivaa mimi, wakaivaa ndugu zangu, ukaivaa wewe. Ndoa yako ilivunjika, lakini bangili haina kosa, kosa ni la yule mwanamume.

Sasa zamu ya mjukuu wangu. Harusi ni tarehe 28 Aprili. Wakwe nimeshawapa habari za bangili, na mama yake bwana harusi kauliza mara mbili ataiona lini. Omba likizo mapema.

Na huko unakoandika, usiache kuandika kwamba nyumba hiyo asili yake ni yetu.

Shangazi yako

*

Tarehe 2 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Mimi mwili mzima. Nisamehe. Sijui niliandike vipi hili, kwa hiyo nitaliandika kama lilivyotokea.

Fundi bomba alirudi. Safari hii hakuleta kitu. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, akasema, "Dada, twende ukaone mwenyewe. Mimi sivitoi."

Nikamfuata. Shimo limefika kifuani kwake. Chini kabisa udongo ulikuwa umekatwa vizuri, na ukutani mwa shimo palikuwa na mnyororo. Mnyororo mrefu, Shangazi, umelala kama ulivyoachwa. Na kwenye mnyororo pete za chuma, moja baada ya nyingine, zote kama ile aliyoniletea. Zote zina vile vivimbe viwili. Vivimbe si pambo. Vina tundu katikati, ndimo pini inapopita ikagongwa kwa nyundo ili isifunguke.

"Hizi ni pingu za miguu," fundi akasema.

Nikabisha. Nikamwambia, "Haiwezekani, ni ndogo mno. Hebu tazama, mkono wangu ndio unaoenea. Mguu wa mtu hauingii humu."

Akanitazama, akasema taratibu, "Ndiyo, dada. Ni ndogo."

Sikumwelewa. Naapa sikumwelewa. Kisha binti wa mpangaji, yuko darasa la pili, akaja peku kutuchungulia, fundi akamfukuza kwa ukali ambao sijawahi kumsikia nao. Nikatazama kifundo cha mguu wa yule mtoto akikimbia. Nikajua. 

Mkuu wangu wa kazi kaja na boti ya kwanza kutoka makao makuu. Ni mama asiyeshtuka ovyo, ameshaona mengi. Alishuka shimoni, akapanda, akavua miwani, akaketi juu ya ndoo ya fundi.  Halafu akasema, "Watoto." Basi, neno hilo tu.

Shangazi, mimi niliandika "bangili ya mwanamke." Nilicheka nikiandika. Nilikuchorea na picha.

Na yetu? Yetu ina vivimbe vile vile. Nimeivaa siku ya harusi yangu, nimepigwa nayo picha nikicheka. Wewe umeivaa. Sote tumeivaa. Kama nyumba ile ilikuwa yetu, basi waliowafunga watoto hao ni sisi. Ni bibi yako, au baba yake, au mtu aliyekula naye meza moja. Tangu juzi sipati usingizi nikifikiria hilo.

Nakuomba, usimvishe bibi harusi mpaka tuzungumze.

Mwanao

*

Tarehe 14 Machi

Shikamoo yako nimeiona. Afya yangu sina haja ya kukueleza.

Nilikulea tangu kaka yangu alipofariki, nikakusomesha, ili leo uniambie bibi yangu alikuwa mfunga watoto? Mwanamke aliyekuwa akimpa paka mkate wake? Wewe hukumwona. Mimi nimelala mgongoni kwake. Kwa kipande cha kutu kutoka chooni unatuvua nguo mbele za watu?

Yetu ni fedha. Hiyo yenu ni chuma. Vitu kufanana si kuwa kimoja, na wewe uliyesoma ungepaswa kulijua hilo kabla yangu.

Kafute. Andika bangili kama ulivyoandika mwanzo. Na harusi itakuwa kama ilivyopangwa.

Shangazi yako, kama bado unanihesabu

*

Tarehe 20 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo, na nakuhesabu mpaka kaburini. Nimesoma barua yako nimesimama, sikuweza kukaa.

Kufuta siwezi. Si ukaidi. Vitu hivi amevifichua fundi bomba kwa mkono wake. Angeweza kufukia akamwaga zege, asingejua mtu. Nikiandika uongo nitamtazamaje? Na hao waliokuwa kwenye mnyororo hawana mwingine wa kuwaandikia.

Lakini kuhusu yetu, kweli, huenda nimekosea. Natamani niwe nimekosea. Kuna njia rahisi ya kujua. Fedha haivutwi na sumaku. Ile redio mbovu iliyo juu ya kabati, fungua nyuma, kwenye spika kuna sumaku nzito. Isogeze kwenye bangili. Ikikataa kunata, nitakuja kwa magoti, nitakuomba radhi mbele ya wakwe, na utanicheka mpaka uzeeni kwangu.

Ikinata, niambie pia. Usibaki nalo peke yako.

Mwanao

*

Tarehe 17 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini kimya ni cha hasira tu, si cha ugonjwa. Pale posta wameshanizoea. Yule wa dirishani akiniona anatikisa kichwa kabla sijafika.

Nakuandikia ulijue kutoka kwangu, si kwa watu. Nimemaliza kuandika. Nimeandika: "Pingu za miguu, za watoto, kwenye mnyororo mmoja. Zimechimbuliwa na fundi bomba nyuma ya nyumba ya ghorofa." Ile ya kwanza nimeikata maneno "bangili ya mwanamke" kwa mstari mmoja, yasomeke bado, ili kila mtu aone nilivyokosea. Ukoo wetu sikuutaja. Sina haki hiyo bila wewe.

Habari zilipoenea, watu waliacha kuja. Meza yangu ilikaa tupu. Kisha wakaanza kurudi mmoja mmoja, mikono mitupu. Wanaingia, wanazitazama pingu tulizozitoa shimoni, hawaulizi. Mama wa kigae alikaa nusu saa. Akitoka aliniambia, "Nami nina mmoja wa umri huo," akafunga mlango polepole kama pana mtu amelala ndani. Fundi amekataa kuendelea na shimo lile. Kalihamishia upande wa pili wa uwanja, kwa gharama zake.

Kadi ya harusi sijaiona. Nimeelewa. Mwambie mjukuu wako nampenda, na awe na heri.

Mwanao

*

Tarehe 9 Mei

Mwanangu,

Marahaba, marahaba zote ulizonidai. Mimi mzima. Nimekonda kidogo, lakini wanasema imenipendeza.

Kadi ilikuwepo, imeandikwa jina lako, na mimi niliificha. Hilo tutagombana ukiniona. Acha kwanza nikueleze.

Barua yako ya sumaku niliichana. Kisha nikaanza kuizunguka ile redio kama mwizi anayezunguka nyumba. Nafuta vumbi, naiacha. Naishusha, naipandisha. Mwishowe siku wametoka wote nikaifungua kwa kisu cha mkate, nikaing'oa spika, nikailaza bangili kitandani.

Iliruka, mwanangu. Sikuigusisha, bado niko mbali, ikaruka yenyewe ikagonga ta! Nilipiga kelele nikaitupa. Nikadhani sumaku ndiyo mbovu. Nikaijaribu kwenye hereni zangu za fedha, kimya. Kwenye kijiko cha chuma, ta! Nikakwangua bangili kwa ncha ya kisu. Ile fedha ilikuwa ngozi tu, sonara aliipaka juu. Chini nyeusi tii.

Nikaketi. Nikasema, basi ndio sisi. Sisi ndio wale waliofunga watoto. Siku hizo sikuweza kula na watu, nilikuwa nahisi wote wananusa. Mjukuu akiniuliza namwambia kichwa.

Sasa sikia lililonipata baada ya hapo. Nilikuwa bafuni kwenye kigoda, naosha miguu. Nimepaka sabuni, nasugua kifundo, na mkono ukasimama wenyewe. Nikaisikia sauti. Usinicheke. Niliisikia kama mtu yuko nyuma ya pazia: "Hapo usisugue."

Bibi alipozeeka hakuweza kuinama. Mimi ndiye niliyekuwa namwosha miguu, nikiwa mdogo, kila jioni. Na mguu wa kushoto, juu ya kifundo, alikuwa na mahali. Ngozi nyororo, imeng'aa, haina kinyweleo. Nikifika hapo ananiambia, "Hapo usisugue." Nilimwuliza pana nini, akasema mafuta ya moto yalimmwagikia utotoni. Nikaridhika. Mtoto huridhika. Nikakua nalo, nikaolewa, nikazaa, nikazeeka, na sikuwahi kulifikiria tena.

Mwanangu, mafuta ya moto hudondoka. Hutiririka. Hayazunguki mguu. Alama ile ilizunguka, ikakutana na yenyewe.

Nilipiga yowe. Mjukuu alivunja komeo la bafu akanikuta uchi, sabuni mwili mzima, namwonyesha mguu wangu mwenyewe nikisema, "Alikuwa yeye! Alikuwa yeye!" Maskini mtoto alidhani nimepatwa na kiharusi.

Alisema ametoka nyumba kubwa. Kweli tupu. Hakusema humo ndani alikuwa nani. Sisi ndio tuliomjengea ngazi za mawe tukamketisha juu.

Nikamweleza mjukuu wangu yote, na barua zako nikamsomea, hata ile niliyoichana.  Halafu akauliza swali ambalo sikuwa nimejiuliza: "Kwa nini aliitunza? Ningekuwa mimi ningeitupa baharini. Na kwa nini alikubali maharusi waivae?"

 Nikaanza kumsimulia tu ilivyokuwa, ndipo nikajisikia ninachosema. Mama yangu ndiye aliyeikuta akaipenda, akaomba aivae siku yake. Mimi sikuwepo, lakini nimekuwepo kwa mama zangu wadogo na kwa dada zangu. Bibi alikuwa anamvisha bibi harusi kwa mkono wake, na kila mmoja alimwambia maneno yale yale: "Ivae. Ukichoka, ivue mwenyewe." Sisi tunacheka, tunadhani anatania uzito wake. Lakini akitokea mtu kutaka kumsaidia bibi harusi kuivua, Bibi alimpiga kofi la mkono. Si kofi la mzaha. Na bibi harusi akishaivua mwenyewe, Bibi anainuka, anatoka, harudi tena sherehe nzima. Tulidhani kachoka.

Hapo mjukuu wangu alilia, nami nikalia, na fundi cherehani aliyekuja kumpima gauni akalia bila kujua analilia nini.

Siku ya harusi aliivaa. Ni yeye aliyeamua, mimi nilishamwambia aache. Watu walipokwisha kukaa nikasimama. Unanijua, huwa siishiwi maneno. Siku hiyo yaliniisha. Nikasema tu, "Niliwaambia hii ni bangili ya fedha ya bibi yangu, mwenye nyumba kubwa. Si bangili. Si fedha. Ni pingu aliyofungwa mguuni akiwa mtoto, humo humo katika nyumba hiyo."  Mama wa bwana harusi alikuwa anajipepea, mkono ukaganda hewani. Mtu mmoja akacheka akidhani ni mchezo, kisha akaziba mdomo.

Mjukuu wangu akanyoosha mkono ili wote wauone. Akaivua polepole, mwenyewe. Bwana harusi alitaka kumsaidia, nikampiga kofi la mkono. Naam, mkwe wangu mpya, siku ya harusi yake.

Wawili watatu wa upande wao waliondoka kabla ya chakula. Nilisikia wanasema hawakujua wanaoa wapi. Waende. Mama wa bwana harusi alibaki. Jioni akaja akaketi karibu nami, akaniuliza, "Alikuwa na umri gani?" Nikamwambia sijui. Akasema, "Wa kwetu pia hawasemi walikotoka," akaondoka. 

Sasa mambo mawili. Kwanza, andika. Ukoo wetu uuandike wazi. Jina alilokuwa akiitwa huku usilitumie, maana nadhani alipewa humo humo katika nyumba ile. Liko lingine. Alinitajia mara moja tu, karibu na kufa kwake, nikadhani anamwita mtu. Sitaliweka kwenye barua, barua hupotea. Nitakutajia kwa mdomo nawe utaliandika vizuri.

Pili, nakuja. Usinikataze. Boti ya Ijumaa, tarehe 23. Bangili nitaileta, sijui niiite nini sasa, ikae na wenzake. Lakini kabla ya kwenda ofisini kwako, nataka unipeleke kwenye nyumba hiyo. Waombe wapangaji. Nataka niingie nyuma, nisimame pale penye shimo. Sitakaa sana. Kisha nitapita ndani, chumba kwa chumba, nitoke kwa mlango wa mbele, nishuke zile ngazi, na asiwepo mtu wa kunishika mkono.

Shangazi yako